Bisi ya bure: nani atapanda, nani atalipa?



Kila mara kamyo inapozimika katikati ya muji na mituka inajipanga nyuma yake sawa shanga ku kamba, haikosi mutu wa kusema: "Serikali ilete bisi za bure, maneno itaisha." Tunasikia neno hili sokoni, tunalisikia nje ya kanisa, tunalisikia na hapa masomoni, zaidi wakati wa mvua. Wengine wanapiga mikono. Wengine wanacheka, wanasema: "Bure? Hapa kwetu? Hata maji si ya bure."

Mimi ninaomba tuache kupiga mikono na tuache kucheka. Tuikale chini, tuhesabu. Mu Luka sura ya 14, Bwana Yesu alitoa mufano wa mutu mwenye kutaka kujenga munara: kama hakupima mbele feza yake, ataweka musingi, kisha kazi itamushinda, na wapita njia watamucheka. Bisi ya bure nayo ni munara. Miji mingi imekwisha kuanza kuujenga. Mingine iliumaliza, mingine iliachia katikati.

Nitasema wazo langu sasa hivi, ili musilitafute mbali. Bisi ya bure kwa watu wote haitafungua njia zetu za Likasi. Lakini bisi ya bure kwa wanafunzi ni jambo la haki, linawezekana, na feza yake iko. Tena feza ile inapita kila siku mbele ya macho yetu, juu ya magurudumu.

WALIOKWISHA KUJARIBU

Mu Ubelgiji kuko muji mumoja jina lake Hasselt. Tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1997 muji ule uliondoa malipo ya bisi. Haikuwa ile tu: waliongeza bisi, waliongeza njia zenye kupitiwa na bisi, na walipunguza nafasi ya mituka ku njia kubwa yenye kuzunguka katikati ya muji. Watu wenye kupanda bisi wakaongezeka zaidi ya mara 10. Wageni walitoka inchi za mbali kuja kuangalia ginsi wanavyofanya. Lakini gharama nayo ilikuwa inapanda, na mwaka 2013 muji ukarudisha malipo kwa watu wazima. Miaka 16, munara ukashindikana.

Mwaka ule ule wa 2013 muji wa Tallinn, muji mukubwa wa inchi ya Estonia, ulianza kubeba wakaaji wake bure. Mbele ya kuanza waliwauliza kwa kura, mwaka 2012. Wenye elimu walipochunguza nyuma yake, waliona jambo ambalo linatupasa kulishika vizuri: wengi katika abiria wapya hawakuwa wenye mituka. Walikuwa watu waliozoea kutembea kwa miguu. Mwenye mutuka alibaki ndani ya mutuka wake.

Inchi ya Luxembourg nayo, tangu mwezi wa 3 mwaka 2020, bisi, treni na tramu ni bure kwa kila mutu, hata kwa mugeni. Wale waliweza sababu ni inchi tajiri, na feza za tiketi zilikuwa sehemu ndogo sana ya gharama yote; Serikali ilikuwa inalipa karibu yote toka zamani. Hata vile, asubuhi na mangaribi mituka ingali inajaa mu njia zao.

Juu ya nini? Sababu mwenye mutuka hahesabu feza ya tiketi. Anahesabu wakati, anahesabu raha, tuseme kweli, anahesabu na heshima. Bisi ikikawia, hata umupe tiketi ya bure hatapanda. Bure inamwita mutu wa miguu. Haimutoshi mutu wa mutuka ndani ya mutuka wake. Kitu chenye kumutosha ni bisi yenye kufika ku saa yake, na yenye kuwa na njia yake peke yake, ili yeye akiwa amekwama aione inapita.

HAPA KWETU NANI ANAFUNGA NJIA?

Likasi si Tallinn. Hapa kwetu mutu wa kawaida hana mutuka. Anatembea, ao anasukuma kinga, ao analipa pikipiki, ao anabanana ndani ya taksi. Basi tukileta bisi ya bure kwa watu wote, itajaa mara moja watu wa miguu. Miguu itapumzika, na hilo si jambo dogo kwa mama mwenye kubeba mufuko wa unga. Lakini njia itabaki vile vile, sababu waliopanda bisi hawakuwa wenye kufunga njia.

Nani basi anaifunga? Tuwaulize wazee wetu, watatuambia njia ilivyokuwa. Wakati muji huu uliitwa Jadotville, Union Minière ilijenga makambi ya wafanya kazi karibu na viwanda, kama vile huko Panda na Shituru. Mutu alisikia sirene, akatoka nyumbani, akatembea, akafika ku kazi. Hakuomba bisi. Na shaba yenyewe ilisafiri kwa treni. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ikaendelea kupanda, ikafika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1931 ikaunganika na reli ya Benguela yenye kwenda mpaka bahari ya Lobito.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1975 vita ya Angola ikafunga njia ya Lobito. Kwetu treni zikazeeka, SNCC ikakosa vichwa vya treni na mabehewa. Gécamines nayo ikaanguka, zaidi tangu mugodi wa Kamoto ulipobomoka mwaka 1990. Nyuma ya sheria ya migodi ya mwaka 2002 makampuni mapya yaliingia, migodi ikarudilia kazi. Lakini sehemu kubwa ya shaba na kobalti haikurudi ku reli. Ilipanda kamyo.

Toka Kolwezi kufika Likasi ni karibu kilometa 180. Toka Likasi kufika Lubumbashi ni karibu kilometa 120. Mbele yake kuko Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, ambako kamyo zinajipanga kwa kilometa nyingi. Sisi tuko katikati ya safari hiyo. Kamyo zenye kutosha shaba zinapita hapa, na zile zenye kupeleka mafuta, chokaa na asidi ku migodi zinapita hapa hapa.

Mwenye kupenda hesabu afanye hivi. Tuseme kamyo moja inabeba tani 30. Tuseme treni moja iko na mabehewa 25, na kila behewa linabeba tani 40. Treni ile inabeba tani 1.000. Ukitaka kuipitisha mali ile ku barabara, utahitaji kamyo 34. Kwa hiyo, kila mara treni moja inapolala, kamyo 34 zinaamuka. Njo ambuteyaji yetu hiyo. Haikuletwa na mama mwenye kwenda sokoni, wala na mwalimu mwenye kupanda taksi. Mwenye kusema bisi ya bure itaiponyesha, anafunga kitambaa ku mukono wakati mguu njo unatoka damu.

Dawa ya ugonjwa huu ni reli. Mwisho wa mwaka 2023 treni ya majaribio ilipeleka shaba toka Kolwezi mpaka Lobito. Tuombe Mungu kazi ile iendelee, na tuwaombe wakubwa wasiiache. Kila treni yenye kuondoka ni kamyo 34 zenye kubaki nyumbani.

BURE INALIPWA

Sasa tugeukie neno lenyewe: bure. Hakuna kitu cha bure ambacho hakina mwenye kukilipia. Abiria halipi, lakini mafuta inalipwa, shofere analipwa, magurudumu inalipwa, na siku bisi itazeeka itabidi kununua ingine. Swali si kama italipwa. Swali ni nani atalipa, na kama atalipa kila mwezi ao siku moja tu mbele ya wapiga picha.

Sisi Wakongo tuko na mufano mukubwa. Katiba ya mwaka 2006, mu kipengele cha 43, inasema masomo ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Kwa miaka mingi maneno ile ilibaki ku karatasi. Mwezi wa 9 mwaka 2019 Serikali ikaanza kuitimiza. Watoto wengi sana waliingia masomo ambao mbele walikuwa wanabaki nyumbani. Jambo lile ni zuri, na mutu asitudanganye kwamba lilikuwa baya. Wazazi walipumua. Lakini madawati hayakuongezeka siku ile ile. Kuko kalasi zilizopita watoto 100. Kuko walimu walioingoja mishahara yao mpaka wakachoka, wakagoma. Mulango ulifunguliwa mbele nyumba haijapanuliwa.

Kwa bisi vilevile. Mu Kinshasa, wakati wa Zaire, kulikuwa OTCZ, nyuma yake SOTRAZ. Zote zilikufa. Mwaka 2013 Serikali ilizaa Transco na bisi mupya, bei yake ya chini. Haikuwa hata ya bure, ilikuwa ya bei ya chini tu. Watu walishangilia. Lakini wakati feza ya Serikali ya kujaza pengo ilipokawia, bisi zikasimama juu ya vyuma vya kubadilisha, na wafanya kazi wakagoma juu ya mishahara. Bei ya chini bila mwenye kujaza pengo inakula bisi pole pole: leo gurudumu, kesho motere. Na mu mwezi wa 10 mwaka 2024 wakubwa walijaribu dawa ingine mu Kinshasa: njia kubwa fulani zikawa za kwenda upande mumoja tu kwa masaa fulani, kisha upande wa pili. Wengi walijikuta wanatembea safari ndefu kwa miguu sababu bisi haikuweza kurudi kuwachukua, na jaribio lile halikudumu. Njia bila bisi haimubebi mutu.

Mufano wa tatu uko Tanzania, nao unatugusa zaidi sisi wenye kuvaa nguo ya masomo. Mu Dar es Salaam bisi ndogo za watu wenyewe zinaitwa daladala. Mwaka 2022 Serikali yao ilipanga malipo: mutu mzima, kwa safari fupi, shilingi 500, mwanafunzi, shilingi 200 tu. Ukisikia hivi utasema wale wanafunzi wako na baraka. Lakini uliza: zile feza zingine nani anazilipa? Si Serikali. Ni mwenye daladala njo anazipoteza. Basi mukusanyaji wa feza, wao wanamwita konda, akiona shati la masomo anasema gari imejaa, ao anaachia mwanafunzi mumoja ao wawili tu kupanda. Kwa miaka mingi watoto wa kule wamekuwa wakibaki kituoni, bisi inapita. Ku karatasi mutoto amesaidiwa. Ku njia amesimama.

Mafundisho yake ni haya: kama bure haina mulipaji, mutoto njo anakuwa mulipaji. Analipa kwa kuchelewa, analipa kwa mvua, analipa kwa somo la kwanza ambalo hakulisikia.

JUU YA NINI WANAFUNZI?

Mutaniuliza: kama bisi ya bure kwa wote haifai, juu ya nini kwa wanafunzi ifae? Ninatoa sababu ine.

Ya kwanza, ni saa. Wanafunzi wote wanatoka nyumbani saa moja, na wote wanarudi saa moja. Tena wakati ule ule njo wafanya kazi nao wanatoka. Wanafunzi 50, tukiwaweka wawili wawili nyuma ya shofere wa pikipiki, ni pikipiki 25 ku njia. Bisi moja inawabeba wote. Hapa bisi ya bure inapunguza kweli kitu fulani ku njia, ku saa ambayo njia inabanana kuliko zote. Tallinn haitupingi hapa, sababu hatusemi ya kumutosha tajiri ndani ya mutuka wake. Tunasema ya kumutosha mutoto juu ya pikipiki.

Ya pili, ni uzima. Mutoto wa miaka 12 mwenye kuvuka njia ya kamyo za tani 30 hana mwenye kumuchunga. Shofere wa kamyo amekaa juu sana, hamuoni mutoto mufupi aliye karibu na gurudumu. Tunafundishwa kuangalia kushoto na kuume, na ni vizuri. Lakini wakati vumbi imefunika njia, kushoto na kuume ni kitu kimoja.

Ya tatu, ni wasichana. Neno hili watu hawapendi kuliandika, lakini gazeti la masomo ya kanisa lisipoliandika, nani ataliandika? Msichana asiye na feza ya pikipiki anaambiwa: "Panda tu, dada, utalipa siku ingine." Siku ile ingine inafika, na si feza wanayomuuliza. Sisemi vijana wote wa pikipiki ni vile; wengi ni watu wa heshima wenye kulisha jamaa zao. Ninasema mutoto mwenye kwenda kujifunza hapaswi kuwa na deni kwa mwanaume asiyemujua. Bisi ya bure inafuta deni lile mbele halijazaliwa.

Ya ine, ni mufuko wa wazazi. Bure ya mwaka 2019 ni ya masomo ya msingi. Sisi wa masomo ya sekondari, wazazi wetu wangali wanalipa. Mu nyumba ya watoto watatu ao wane, feza ya safari ya kila siku inashindana na feza ya masomo na feza ya unga. Unga unashinda, na ni haki yake kushinda. Kisha mutoto anatembea, anafika saa somo limeanza, anarudishwa ku mulango. Mwisho wa mwaka tunasema: "Hakuwa na akili." Pengine akili ilikuwako, ilibaki njiani.

FEZA ITATOKA WAPI?

Hapa njo watu wanaponyamaza. Lakini jibu limeandikwa mu sheria. Sheria ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018 inasema kila kampuni ya migodi inalipa ushuru juu ya mali inayouza. Juu ya shaba ni 3,5 kwa mia. Juu ya kobalti, ambayo Serikali iliihesabu kuwa mali ya maana sana, ni 10 kwa mia. Ushuru ule unagawanywa hivi: sehemu 50 kwa mia inakwenda kwa Serikali ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa muji, komine, sekta ao shefri ambamo mugodi unafanya kazi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya watu wenye kuikala karibu na mugodi.

Musome tena ile sehemu ya 10 kwa mia: vizazi vijavyo. Wapenzi, kizazi kijacho ni nani? Si ni sisi? Kizazi kijacho kiko ku njia kila asubuhi, na buku mukononi, kinangoja kamyo zipite ili kivuke.

Sisi wa Tshangalele tumezoea kuona mali inapita. Maji ya ziwa lenye jina hili inageuza mashini ya umeme ya Mwadingusha tangu mwaka 1930, na umeme ule ulikwenda kuyeyusha shaba. Sasa shaba yenyewe inapita mbele yetu juu ya kamyo. Hatusemi isipite. Tunasema: mali yenye kufunga njia ya mutoto, sehemu yake ndogo imubebe mutoto.

Ombi langu liko hivi. Provensi, kwa ile sehemu yake ya 25 kwa mia, ilipe bisi za wanafunzi mu miji yake, kuanzia Likasi. Bisi zipite asubuhi na wakati wa kutoka masomo tu. Kila mwenye nguo ya masomo, nyeupe na bulu, apande bila malipo, akiwa wa Waprotestanti, wa Wakatoliki, wa Waislamu, wa Kimbangu ao wa Serikali. Mwenye bisi alipwe kwa kila safari aliyoifanya ku saa yake, si kwa hesabu ya vichwa. Vile hataona faida ya kumufungia mwanafunzi mulango sawa konda wa Dar es Salaam, na hataona faida ya kuwabananisha 80 mahali pa 50. Hesabu ya feza ibandikwe ukutani kila mwezi ku ofisi ya komine, watu wote wasome. Na kamyo kubwa zikatazwe kupita katikati ya muji wakati watoto wanakwenda na wakati wanarudi. Jambo hili la mwisho haliombi hata franka moja. Linaomba tu neno la mukubwa na mupolisi asiyepokea kitu.

WENYE KUBISHA

Wa kwanza atasema: "Mbele ya bisi, walipe walimu vizuri." Anasema kweli, na mimi sitaki bisi yenye kulipwa na mushahara wa mwalimu. Bisi yenye kumufikisha mutoto kwa mwalimu mwenye njaa haijamufikisha mbali. Ndiyo maana ninaomba ushuru wa migodi, siombi feza ya masomo.

Wa pili atasema: "Na vijana wa pikipiki watakula nini?" Ni swali la haki. Wengi wao walikaa ku mabenchi haya haya mbele yetu. Lakini bisi ya wanafunzi inapita masaa machache tu. Muchana wote, usiku na mu njia ndogo ambamo bisi haiingii, kazi yao inabaki. Tena mwenye kupanga bisi anaweza kuchukua shofere kati yao, wale wenye kibali cha kuendesha.

Wa tatu atasema: "Njia zenyewe zimejaa mashimo, bisi itapita wapi?" Kweli. Bisi itavunjika kama njia haitengenezwi. Lakini tumengoja njia nzuri miaka mingi, na watoto hawaachi kukua juu ya kungoja. Tuombe vyote viwili pamoja.

Wa ine, na huyu njo ananipa shida zaidi, atasema: "Wanafunzi wenyewe wataharibu bisi. Watapasua viti, wataandika majina, watapigana ku mulango." Hapa siwezi kumujibu kwa sheria wala kwa hesabu. Tuangalie madawati ya kalasi zetu na tumujibu sisi wenyewe. Kitu cha bure, mutu anakihesabu kuwa si cha mutu. Lakini tumekwisha kuona kwamba kiko na mulipaji. Mwenye kupasua kiti atakuwa amepasua sehemu yake mwenyewe ya shaba ya inchi yake.

TUFANYE NINI SASA?

Tusikae tu tukingoja. Kuko mambo tunayoyaweza bila kumuomba mutu feza. Kalasi za juu ziende, zikisimama mbali na njia, zihesabu juma moja kamyo ngapi zinapita wakati wa kwenda masomo. Kila kalasi ihesabu wanafunzi wake: wangapi wanatembea zaidi ya saa moja, wangapi wanapanda pikipiki, wangapi walifungiwa mulango mwezi huu. Komite ya wazazi ipeleke hesabu ile kwa Bwana Burgumestre na kwa waheshimiwa wa provensi. Mukubwa anaweza kukataa kilio, sababu vilio ni vingi. Hesabu iliyoandikwa vizuri inamupasa kuijibu.

Na mpaka siku bisi itafika, wakubwa wa kila kartie wawatembeze wadogo kwa kundi, wavuke njia pamoja, wakubwa upande wa kamyo. Ile nayo ni bure, na mulipaji wake tunamujua.

Mwenye mawazo mengine asinipige maneno mu kantini. Aandike ku karatasi, alete kwa wenye kupanga gazeti mbele ya siku ya tano. Tutayasoma mu gazeti lenye kuja.